Sanamu ya vyuma vikuukuu: somo kwa kamati za wahamiaji na wenyeji



Katika somo hili tunazungumzia kazi ambayo kwanza inaonekana kama mchezo: kujenga sanamu ya jumuiya, nje, mahali pa watu wote, kwa vyuma vikuukuu na vitu vilivyokwisha kutupwa. Kamati kadhaa za kambi zimetuuliza kazi hiyo ina faida gani pale ambapo bashe zinavuja na chakula cha mwezi hakijafika. Swali hilo ni la haki. Sanamu haijazi sufuria ya mtu.

Tunaiandikia kwa sababu nyingine. Kwenye chemchemi ya maji, kwenye msitu wa kuni, kwenye orodha ya kugawa msaada, mhamiaji na mwenyeji wanakutana kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake atapata zaidi. Kwenye sanamu hakuna wa kupata zaidi. Ni kazi moja kati ya chache zinazowakalisha watu wa pande zote mbili kwa siku nyingi, wakitafuta kukubaliana juu ya jambo lisilogawanywa. Lakini faida hiyo haimo ndani ya chuma. Imo katika mazungumzo yanayotangulia chuma. Kamati ikimwita fundi, naye akajenga kwa siku tatu, akalipwa akaenda zake, mtabaki na chuma kilichosimama, basi.

Waliotangulia

Msumbiji ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1977 mpaka mapatano ya Roma ya Oktoba 1992. Vita vilipokwisha bunduki zilibaki vijijini, nyingine zimezikwa, nyingine zimefichwa majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe, na askofu wa Kianglikana Dinis Sengulane alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mtu aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli, cherehani au vifaa vya kujengea. Bunduki zilivunjwa zisiweze kutumika tena, na vipande vingine vikapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti kizima kwa vipande vya bunduki. Kiti hicho kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Mwaka 2004 wasanii wanne, Kester akiwa mmoja wao, walijenga mti mkubwa kwa vipande vya namna hiyohiyo, wenye matawi na majani na wanyama chini yake, nao pia ukapelekwa London.

Hapa kwetu Kongo, Freddy Tsimba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967, amejulikana duniani kwa sanamu anazozijenga kwa maganda ya risasi, vijiko, funguo na mapanga. Amefanya miili mingi ya wanawake wajawazito. Ukiwa mbali unamwona mama. Ukikaribia unaona ngozi yake ni maganda ya risasi yaliyounganishwa moja moja.

Na wengi wetu tunaijua ile sanamu ya rangi ya dhahabu iliyowekwa mjini Goma mwaka 2009: mtu na chukudu yake. Tunaitaja kwa sababu ya kile ilichochagua kuonyesha. Haimwonyeshi jenerali wala mwanasiasa. Inamwonyesha mtu wa mzigo, na kila anayepita anamtambua, awe wa kabila gani.

Kwa nini tusianze na silaha

Mtu akisikia "sanamu ya amani" mara moja huwaza bunduki iliyovunjwa. Sisi tunashauri kamati ziliache wazo hilo mahali ambapo vita havijakwisha. Msumbiji walianza miaka 3 baada ya mapatano, na silaha zilivunjwa kwanza kabla ya msanii kuzigusa. Tsimba ana karakana yake Kinshasa, mbali na mapigano ya mashariki. Katika vijiji vyetu, kijana anayekutwa na mfuko wa maganda ya risasi anaweza kuulizwa na watu wenye silaha ameyatoa wapi, ni ya kikundi gani, na hata akisema ni ya sanamu hakuna atakayemsikiliza. Tena mtoto aliyeambiwa akusanye maganda matupu hawezi siku zote kutofautisha ganda tupu na risasi nzima, wala kipande cha chuma na bomu ambalo halikulipuka. Kwa mtoto, vyote ni chuma.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii. Kitu chochote kinachofanana na bomu, gurunedi, roketi au risasi hakiguswi, hakisogezwi, hakitupiwi jiwe, hakichomwi moto. Anayekiona arudi kwa njia ileile aliyoijia, awazuie wengine, na amjulishe chefu au kiongozi wa kambi ili wataalamu wa kuondoa mabomu waitwe. Kanuni hii isomwe kwa sauti siku ya kwanza, mbele ya watoto na wazazi wao, na irudiwe kila siku ya kukusanya. Na watu wasikusanye vitu katika vijiji vilivyohamwa, kando ya mahandaki, wala mahali ambapo askari waliwahi kupiga kambi.

Hasara ya kuacha silaha si kubwa. Vyombo vya nyumbani vinasema zaidi. Jembe lililoliwa na udongo mpaka likabaki kama kisu, sufuria iliyotoboka, rimu ya baiskeli, kijiko, kufuli ambalo nyumba yake haipo tena: vitu hivyo mhamiaji anavyo na mwenyeji anavyo, na hakuna anayemwogopa mwenzake kwa sababu ya kijiko.

Mazungumzo kwanza

Tunatoa mfano wa kijiji kimoja cha milimani, Kivu ya Kusini, ambacho wakaaji wake walituomba tusikitaje jina. Kambi ilikuwa kando ya kijiji, na ugomvi ulikuwa juu ya chemchemi. Kamati ilikuwa ya watu 12: 6 wa kambi na 6 wa kijiji, na nusu ya kila upande walikuwa wanawake. Walikaa vikao 5 kabla ya chuma cha kwanza kuletwa.

Chui ndiye aliyependekezwa kwanza. Wahamiaji walinyamaza, na kunyamaza kwao kukasikika. Ngozi ya chui ni alama ya mwami, na kumweka chui pale kungekuwa kumwambia mhamiaji yuko chini ya nani. Njiwa aliwachekesha vijana: njiwa yuko kwenye tisheti za mashirika yote, walisema, tisheti ikichakaa tunapangusia baiskeli. Bunduki iliyokunjwa ilikataliwa na akina mama. Mmoja alisema hataki kuiona kila asubuhi akienda kuchota maji.

Ndipo mama mmoja wa kambi akauliza kwa nini wasijenge mafiga. Kila mtu pale alikuwa amepika au amepikiwa juu ya mafiga matatu. Aliyekimbia aliyaacha nyumbani, na alipofika ugenini kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa mawe matatu.

Hapo kukazuka ubishi mwingine, nao ulikuwa mzuri. Figa la kwanza ni wenyeji, la pili ni wahamiaji. La tatu ni nani? Mzee mmoja alisema ni serikali, watu wakanung'unika. Katekista akasema ni kanisa. Imamu akamtazama tu. Mwingine akasema ni watoto. Mwingine akasema ni wale ambao hawakufika. Vikao viwili vizima vilikwenda kwa figa la tatu, na katika vikao hivyo watu walisema mambo ambayo hayajawahi kusemwa kwenye kikao cha chemchemi: nani alimpa nani shamba la kulima mwaka wa kwanza, nani alimnyima, nani alizikwa wapi na kwa sanda ya nani. Mwishoni waliamua figa la tatu lisipewe jina. Sisi tulikuwa pale kama wasaidizi, na tulijizuia kutoa jibu. Mtu wa shirika akitoa jibu lake siku ya pili, vikao vinakwisha mapema na kila mmoja anarudi nyumbani na kile kilichomleta.

Mambo mengine yalijitokeza ambayo kamati yoyote itakutana nayo.

Kuna neno "sanamu" lenyewe. Kwa Waislamu na kwa makanisa mengi, sanamu ni jambo la ibada ya uongo. Watu wa dini waliuliza mapema, na jibu lilikuwa rahisi kwa sababu mafiga na chungu si mfano wa mtu wala wa mnyama. Waliamua kuiita "Mafiga" tu. Mkichagua umbo la mtu, waulizeni watu wa dini kabla ya kujenga. Baada ya kujenga, swali lilelile linakuwa vita.

Kuna ardhi, na hili ni zito. Katika Kivu, jiwe la saruji lililozikwa ardhini ni mpaka wa shamba, na mpaka ni kesi. Mhamiaji akimwaga saruji katika ardhi ya mwenyeji, hata kwa jina la amani, yuko atakayesema kwamba anajitafutia shamba. Pale kijijini maneno hayo yalianza kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kamati ilifanya hivi: mahali palichaguliwa na chefu pamoja na mwenye ardhi, kando ya njia ya chemchemi, si ndani ya kambi wala uani kwa chefu. Karatasi fupi iliandikwa kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe, ikasomwa kwa sauti, ikatiwa sahihi na pande zote. Na saruji haikutumika hata kidogo.

Kisha kuna uvumi. Watu walisema shirika litazika kitu. Mzee mmoja alituuliza wazi: "Hapo chini mnaweka nini, wanangu?" Alifanya vema kuuliza, kwa maana wengine walikuwa wanaulizana gizani. Kazi ya msingi ilifanywa mchana, siku ya soko, na yeyote aliyetaka alikaribia, akatazama, akaweka jiwe lake kwa mkono wake. Kwa maoni yetu siku ile ilifaa kuliko siku ya sherehe, ambayo ilikuwa na hotuba ndefu mno.

Kukusanya

Vyuma vikuukuu si takataka kwa kila mtu. Kuna vijana wanaoishi kwa kuvikusanya na kuviuza kwa kilo. Kamati ikitangaza kwamba kila mtu alete vyuma bure kwa ajili ya amani, inawanyang'anya hao chakula chao. Walipeni, au waingizeni katika kamati, kwa sababu wao ndio wanaojua kila kitu kilipo. Au chukueni vile ambavyo mnunuzi havitaki, kama makopo membamba yenye kutu na nyaya zilizokatikakatika. Vilevile kopo la mafuta ya msaada lililopasuliwa na kunyooshwa ni mlango wa mtu, na bidoni iliyotoboka ikikatwa ni beseni. Ulizeni kabla ya kuchukua, hasa kitu kikiletwa na mtoto. Watoto huleta sufuria za mama zao kwa furaha kubwa.

Mtu akileta kitu kilichotoka katika nyumba iliyochomwa, kipokeeni kwa heshima na msimwombe asimulie. Akitaka, atasimulia mwenyewe, na awepo mtu wa kumsikiliza pembeni, si mbele ya umati wala mbele ya kamera. Majina ya waliotenda mabaya hayaandikwi juu ya chuma. Hiyo ni kazi ya sheria. Majina ya waliokufa nayo yanahitaji uangalifu. Orodha ya upande mmoja ni mwanzo wa ugomvi mpya, na orodha ya wote inahitaji miezi ya mazungumzo ambayo kazi hii peke yake haiwezi kuibeba.

Vitu vingine vikataliwe hata vikiwa vizuri kwa macho. Betri za gari zina asidi na sumu. Makopo ya dawa za mashambani hayasafishiki vya kutosha kwa mahali ambapo watoto watashika na kulamba vidole. Pipa lililokuwa na mafuta ya gari au mafuta ya taa lisikatwe kwa moto wala kulehemiwa: mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka hata kama pipa limekaa tupu kwa miezi.

Kujenga

Mkipata fundi wa kulehemu mwenye jenereta, vema, lakini si lazima. Mafiga ya kijiji kile yalijengwa kwa nyundo, koleo, msumeno wa chuma, waya wa kufungia, bolti na nati. Kila figa lilikuwa kizimba cha waya kilichojazwa mawe, na nje yake yakafungwa majembe yaliyochakaa, moja juu ya jingine kama magamba ya samaki. Chungu kilifanywa kwa rimu za baiskeli zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, zikavikwa makopo yaliyonyooshwa. Chini ya ukingo wa chungu vilining'inizwa vijiko. Upepo ukivuma vinagongana, na watoto waliokuwa wakipiga kelele chemchemini walianza kunyamaza wasikilize. Hilo hakuna aliyelipanga.

Kizimba cha mawe kina faida mbili kwetu. Hakihitaji saruji, na kinasimama hata pale ambapo udongo haupo, kama katika mitaa ya Goma iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba shimo ni adhabu. Mawe makubwa yakae chini, madogo yajaze nafasi. Kabla ya kufunga chochote juu yake, watu wazima wawili wakisukume kwa nguvu zote. Watoto watapanda, hata mkiandika mabango kumi ya kuwakataza, kwa hiyo jengeni kama kitu cha kupandwa. Chungu nacho kifungwe kwa bolti kwenye mafiga, na mtu mzima aning'inie ukingoni mwake kabla ya mtoto wa kwanza kufika.

Kingo zote za makopo na mabati zikunjwe kwa koleo kisha zipigwe nyundo, mpaka uweze kupitisha mkono mtupu bila kukatwa. Kila kitu kinachoweza kushika maji kitobolewe chini, la sivyo mvua ya kwanza italeta mbu. Mabati, yale tunayoyaita manjanja, yamepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua kubana usiku ule. Yafungeni kwa waya au bolti, msiyalehemu. Rangi ya kuzuia kutu inatosha mara moja kwa mwaka. Oili chafu ya injini msiitumie, ingawa mafundi wengi wataipendekeza kwa sababu ni ya bure. Ni mbaya kwa ngozi ya watoto, na huteremka kwenye maji.

Neno moja juu ya urefu. Utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimweko 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Nguzo ndefu ya chuma juu ya kilima katika nchi kama hii ni kuita kifo. Sanamu isipite kimo cha mtu mzima, isiwe juu ya kilele, iwe chini kuliko miti na nyumba za karibu, na watoto wafundishwe kuondoka hapo wakisikia ngurumo.

Kambi ikivunjwa

Hakuna kambi inayojua siku yake. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilizozunguka Goma, ambazo zilikuwa na watu mamia ya maelfu, zilivunjwa na watu wakaondoka katika muda wa siku chache, wengi wakiwa na kile walichoweza kubeba kichwani. Ndiyo maana tunashauri bolti badala ya kulehemu, na mawe badala ya saruji. Kazi nzima iweze kufunguliwa kwa saa moja, na kila sehemu iweze kubebwa na watu wawili au kupakiwa juu ya chukudu.

Lakini nani abebe nini? Kamati ile iliandika jibu kwenye karatasi ileile ya ardhi. Wahamiaji wakirudi makwao, watachukua majembe ya figa moja. Chungu kitabaki kijijini. Mwenyeji mmoja alilalamika kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Mama aliyeleta wazo la mafiga akamjibu kwamba basi watafute la tatu, kama yeye atakavyotafuta mawili huko aendako.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Ni vema wahamiaji na wenyeji wajibu kwanza kila upande peke yake, kisha wasomeane majibu.

Kwetu, ni mahali gani ambapo mhamiaji na mwenyeji wote hupita kila siku bila kuitwa na mtu? Ardhi hiyo ni ya nani, na nani angeweza kusema kesho kwamba ni yake?

Ni alama gani ambayo sisi tunaipenda, lakini wenzetu wangeiona kama tusi? Tumejuaje?

Ni kitu gani cha chuma tulicho nacho sote, wa kambi na wa kijiji, ambacho hakimtii mtu hofu? Nani kati yetu anaishi kwa kukusanya vyuma, na je, amealikwa kwenye kikao hiki?

Watoto wetu wakiokota chuma wasichokijua, wanamwambia nani kwanza? Waulizeni wenyewe, msiwajibie.

Tukilazimika kuondoka usiku, ni sehemu gani ya kazi hii tungependa iende nasi, na ni ipi tungependa ibaki? Na spana ya kufungulia bolti itakaa nyumbani kwa nani, na nani wa upande wa pili atakuwa na nyingine?